"Present perfect" kwa wanaoanza Kiingereza: nimeacha kuanzia -me-, sasa naanzia -ja-

Mwalimu wa Jioni

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nafundisha Kiingereza watu wazima wanaoanza kabisa. Darasa la jioni, watu wametoka kazini, miayo haiishi. Kwa miaka mingi kila nikifika kwenye hali timilifu, ile ya have na has, nilifanya kama nilivyofanyiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi. Naandika ubaoni kwamba -me- ni have au has ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi, natoa mfano mmoja, "Nimekula" ni "I have eaten", darasa linaitikia, tunasonga mbele. Wiki ya pili navuna nilichopanda:

"I have tired."
"Don't wake him, he has slept."
"I have seen him yesterday."
"I am living here since 2015."
"My father has already died."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini. Mwanafunzi wangu alikuwa kwenye simu na mteja wa nje, mazungumzo yakageukia familia, akaulizwa kuhusu wazazi, naye akajibu hivyo. Upande wa pili kimya. Kisha yule mteja akaanza kutoa pole, akauliza mazishi lini, akasema kikao chao kinaweza kusubiri. Baba wa watu alifariki zaidi ya miaka kumi iliyopita! Mwanafunzi alikuwa ametafsiri "Baba ameshafariki", jibu ambalo kwetu halimshtui mtu. Kwa aliyekulia Kiingereza, has died ni habari mpya, kaburi bado bichi. Na already ikiongezwa hapo inakuwa kama marehemu alikuwa na ratiba akaiwahi. Alichotaka kusema ni "My father died years ago", basi.

Nikarudia orodha ile ya makosa nikaona kitu cha aibu: hakuna hata mmoja aliyekosea fomula yangu. Waliitii. Niliwaambia -me- ni have, wakaamini.

Ukweli ni kwamba -me- ina mabega mapana kuliko have. Inabeba tendo lililokwisha ambalo matokeo yake tunayaona: nimefungua dirisha, upepo huo unaingia. Inabeba pia hali aliyomo mtu sasa hivi: amelala, amekaa, amesimama, amevaa koti, nimechoka. Na kwenye mazungumzo inabeba hata tukio lenye siku yake: nimemwona jana. Katika hayo matatu Kiingereza kinaipa have lile la kwanza tu. La pili kinalipa is, am na are: "He is asleep", "I am tired". La tatu kinalipeleka kwenye wakati uliopita: "I saw him yesterday".

Sasa chukueni -ja-. Semeni "Sijamwona". Ongezeni jana: "Sijamwona jana". Sikio linakataa, sivyo? Utasema "Sikumwona jana". Yaani Kiswahili chenyewe, ukikikanusha, kinatenganisha kile ambacho kwenye -me- kimekaa chungu kimoja. Ndipo nikapata kipimo cha darasani: una sentensi yenye -me- na hujui Kiingereza chake? Ikanushe. Ikitoka na siku-, haku-, hatuku-, basi Kiingereza kinataka wakati uliopita. Ikitoka na sija-, haja-, hatuja-, hapo have ina nafasi. Mwanafunzi hahitaji kujua istilahi hata moja. Anahitaji sikio lake mwenyewe, na sikio hilo analo tangu utotoni.

Tena -ja- imebeba yet tumboni. Ukisema "Sijamaliza" umeshamwahidi mtu kwamba utamaliza. "I haven't finished yet" ni ahadi ile ile.

Kwa hiyo siku hizi nageuza mpangilio. Naandika ubaoni orodha ya kazi za mtu mmoja wa kubuni: call the manager, open the window, clean the board, finish the report. Mbili naziwekea alama ya vema, mbili naziacha. Tunaanza na zilizobaki: "She hasn't called the manager yet." Kisha swali: "Has she finished the report yet?" Jibu: "Not yet." Hapa darasa huwa linachangamka, kwa sababu kwetu "Bado" peke yake ni jibu kamili, na Not yet nayo inasimama peke yake bila kitenzi. Baada ya hapo ndipo inakuja already kwa ajili ya -mesha-. Ile -me- tupu naiweka mwisho kabisa, wiki ya tatu.

Na vitenzi vya mwanzo nachagua vile ambavyo umbo la pili na la tatu ni moja: called, opened, cleaned, finished. Apigane vita moja kwanza. Seen, eaten, written na gone watakuja.

Nyie mnaingilia mlango upi?

kalamu_nyekundu

Mwalimu, hoja nimeikubali nusu. Kipimo cha jana ni kizuri, nitakiiba. Lakini usiifanye -ja- malaika. "Hajalala." Mtoto yuko kitandani macho kodo, mama anauliza. Kiingereza chake si "He hasn't slept yet", ni "He isn't asleep yet". "Sijachoka" ni "I'm not tired yet". Ule mtego wa hali unakufuata mpaka kwenye ukanushi. Mwanafunzi wako atakanusha, ataona haja-, ataandika hasn't kwa furaha, na atakuwa amekosea.

Mimi kwa hizo natumia kipimo kingine. Weka "bado" mbele ya sentensi yenyewe, bila kuikanusha. "Bado amelala." Inakaa. "Bado amekaa", "bado amevaa koti", "bado amekasirika", "bado nimechoka", zote zinakaa. Basi hizo ni hali, mpe is. Sasa jaribu "Bado amefika". "Bado amepiga simu." Hazikai, mtu atakuuliza unamaanisha nini. Hizo ni matendo, mpe has.

Halafu tusijione wakosefu peke yetu. Niliwahi kuwa na darasa lenye Wajerumani na Wafaransa. Mjerumani kwao anasema "Ich habe ihn gestern gesehen", neno kwa neno ni nimemwona jana kwa have kabisa, na ni sahihi. Mfaransa vivyo hivyo, "Je l'ai vu hier". Wote wawili waliniandikia "I have seen him yesterday" kama vile wamekaa dawati moja na wanafunzi wako.

Mwalimu wa Jioni

Kalamu, umenishika. Hajalala sikuifikiria, na mwaka huu nimeona "He hasn't slept" mara kadhaa nikadhani ni uzembe. Kipimo cha bado nakichukua.

Nimekijaribu hapa mezani na sentensi kumi hivi. Kilichonivutia ni "Mlango umefungwa". "Bado umefungwa" inakaa, kwa hiyo "The door is closed". Lakini "Nimefunga mlango" ikiwekewa bado haikai, kwa hiyo "I have closed the door". Mlango ni ule ule na komeo ni lile lile, ila moja inaeleza mlango ulivyo na nyingine inaeleza mtu alichofanya. Hii naweza kuifanya darasani kwa mkono wangu na mlango wa darasa.

Angalizo moja: bado zetu ni mbili. Bado ya "bado sijamaliza" ni yet, bado ya "bado amelala" ni still. Nitazitenganisha siku tofauti, vinginevyo watanisukia "He is yet asleep".

Mwanafunzi wa Uzeeni

Habari zenu walimu. Mimi nipo upande wa pili wa ubao, nimeanza Kiingereza nikiwa na miaka 50 na ushee. Naomba niseme kitu ambacho walimu hamkisemi.

Kwanza hiyo have. Mwezi wa kwanza tulifundishwa "I have a book", nina kitabu. Nikaikariri: have ni kuwa na. Mwezi wa nne mwalimu anasema "I have eaten". Nikawaza, nina nini? Nina kula? Nilinyamaza kwa sababu vijana wote walikuwa wanaitikia. Nilikaa na hiyo nina kula muda mrefu sana.

Pili, mnaandika have na has ubaoni, kubwa, zinaonekana. Watu wakiongea hazipo. Mtu anasema "She's gone", mimi nasikia she na gone, katikati kuna nyoka amepita. "I've seen it" nilikuwa nasikia I seen it, na nikaandika hivyo hivyo kwenye mtihani. Halafu siku nyingine "She's tired". Hiyo 's ni is au has? Nani alitangaza?

Mwalimu wa Jioni

Mzee wangu, shikamoo, na asante. Hili la "nina kula" nimelisoma mara mbili.

Have ya kumiliki ndiyo mama wa have hii. Zamani Kiingereza kilisema kitu kama "nina barua ikiwa imeandikwa", nina umiliki na barua iko tayari, na kadiri karne zilivyopita umiliki ukachujuka ikabaki kazi ya kusaidia tu. Na sisi tunalo jambo kama hilo. -sha- ya "ameshakula" ilikuwa kitenzi kizima, kwisha. "Amekwisha kula" ikafupishwa ikawa "ameshakula", na wengine wameikata zaidi, "keshakula". Leo ukisema keshakula hufikirii kitu chochote kinachokwisha. Mwingereza naye akisema "I have eaten" hafikirii kitu chochote alicho nacho. Siku hizi nalisema hilo mwezi ule ule wa "I have a book", dakika mbili tu, kwamba neno hili lina kazi ya pili mtaiona mbeleni.

Kuhusu nyoka wa katikati: angalia kinachofuata. Likija neno la sifa, tired, happy, busy, ni is. Likija umbo la tatu kama seen, eaten, called, na yeye ndiye aliyetenda, ni has. Zipo zinazokubali zote mbili, "She's finished" na hiyo hiyo "She's gone", hata Mwingereza hajali ni ipi. Usipoteze usingizi kwa hizo. Na darasani mimi sasa natamka kwanza, naandika baadaye. Wanasikia "I've called", "she's called", "they've called" mara ishirini kabla ya kuona apostrofi.

Mtu wa Mtaala

Nitakuwa mkorofi kidogo. Kwa nini tunawafundisha wanaoanza kabisa? Ule mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha uliotolewa 2001 unaanzia A1 unaishia C2, na vitabu vingi vinavyoufuata vinaileta hali timilifu kwenye A2. Mtu wa A1 hajashika hata did vizuri. Mpe wakati uliopita, umwache apumue. Marekani watu wazima kabisa wanasema "Did you eat yet?" na "I already ate" na wanaelewana. Mwanafunzi wako hatakufa kwa kukosa have kwa miezi sita.

Mwalimu wa Jioni

Kwa kuongea, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Akisema "I already ate" nitampa alama zote. Tatizo langu ni kusoma. Mtu huyu ana simu mkononi, na simu inamsemesha kwa hali timilifu kutwa nzima. "Your session has expired." "Your password has been changed." "You have not saved your work." Hakuna aliyemuuliza simu kama mwenye nayo amefika A2. Kwa hiyo nafundisha aitambue mapema, aitumie taratibu. Kutambua hakuhitaji mazoezi kumi ya kujaza nafasi.

Ila ulichosema kuhusu did ni kweli tupu. Asiyejua "I saw" vizuri asifikishwe kwenye "I have seen", maana somo lote ni kuchagua kati ya hizo mbili, na huwezi kumchagulisha mtu mwenye kimoja.

Ticha Mpya

Shikamooni wakubwa zangu. Nina darasa langu la kwanza mwaka huu na kesho kutwa naingia kwenye since na for. Naogopa. Mwenzangu aliyenitangulia aliniambia "since ni tangu, for ni kwa, maliza". Nikijaribu mwenyewe naona haimalizi. Nisaidieni kabla sijaaibika.

kalamu_nyekundu

Marahaba. Mwenzako amekupa nusu ya dawa.

Shida ya kwanza iko kwenye kitenzi, since na for zinafuata. Sisi tunasema "Naishi hapa tangu 2015", wakati uliopo wa kawaida kabisa, na ni sawa kwa sababu bado naishi. Mfaransa anasema "J'habite ici depuis 2015", Mjerumani "Ich wohne hier seit 2015", wote kwa wakati uliopo. Kiingereza ndicho kinachokataa. Kinasema kwa kuwa jambo lilianza nyuma na limefika leo, lazima have iunganishe: "I have lived here since 2015". Ukimwambia mwanafunzi kwamba Kiingereza ndicho chenye vituko, si yeye, anatulia. Na pale tunaposema "Nina miaka mitano hapa", usishangae kupata "I have five years here". Have anayo, ila kitenzi kimepotea.

Shida ya pili ni saa, na hii huikuti kwenye vitabu vya kutoka nje. "Saa mbili" kwetu ni vitu viwili: ni saa mbili ya ukutani, na ni muda wa saa mbili. "Nimesubiri tangu saa mbili." "Nimesubiri kwa saa mbili." Maneno ni yale yale, na Kiingereza kinayatenga mbali kabisa: "since eight o'clock" na "for two hours". Mwanafunzi anayeandika "since two hours" hajachanganya since na for tu, amechanganya saa mbili na saa mbili. Tena akijitahidi ataandika "since two o'clock", na amekosa treni kwa saa sita. Chora saa ubaoni na pembeni chora kamba. Mshale unaochoma saa sehemu moja ni since. Kamba yenye urefu ni for. Usiwape sentensi hata moja mpaka wameonyesha kwa kidole: Monday? Mshale. Three days? Kamba. 2015? Mshale. A long time? Kamba. I was a child? Hapo watabishana, waache wabishane.

Mwanafunzi wa Uzeeni

Hiyo ya saa mbili ni mimi. Nimeandika hivyo hivyo wiki iliyopita.

Samahani, niongeze swali. Been na gone. "He has been to London" na "He has gone to London". Mwalimu wetu alisema zote ni amekwenda.

Mwalimu wa Jioni

Gone ni amekwenda, hayupo, ukimtafuta ofisini utakuta kiti. Been ni amewahi kufika huko, na huenda ndiye aliyekaa mbele yako anakusimulia. Ndiyo maana huwezi kusema "I have gone to London" ukiwa umekaa hapa. Uliye hapa hujaenda.

Kwa been tunalo neno letu zuri, kuwahi. "Umewahi kufika?" ni "Have you ever been there?" "Sijawahi" ni "I've never been." Ona -ja- imerudi tena. Ila wakiuliza "lini?" mlango wa have umefungwa, na bado umefungwa, kalamu ataniunga mkono. "When did you go?" Kamwe si "When have you gone?" Mazungumzo ya watu huenda hivyo: yanafunguliwa kwa have, yakishatajwa tu wakati yanahamia kwenye did na hayarudi.

Ticha Mpya

Nimerudi na ripoti. Mshale na kamba vimefanya kazi. "I was a child" wamebishania dakika kumi, mwisho mmoja akasema utoto una urefu kwa hiyo kamba, mwingine akasema hapana, ni pale ulipokuwa mtoto, umesimama hapo unaangalia huku. Nikawaambia mshale, ila sina hakika niliwashawishi.

Leo nikajaribu orodha ya kazi ya Mwalimu wa Jioni, nikaanza na -ja-. "She hasn't called the manager yet" imetoka safi darasa zima, sijaamini. Nikapata kiburi nikaleta go, see na write siku hiyo hiyo. Nimekusanya madaftari: "She hasn't went." "She hasn't saw." "She hasn't wrote yet." Ishirini na mbili kati ya ishirini na sita.

Mwalimu wa Jioni

Hahaha, karibu kazini. Yet waliiweka mwisho? Basi somo lilifika, kilichobaki ni vitenzi.

Usiwape jedwali la safu tatu, go, went, gone. Watalikariri kama wimbo, na wakitaka neno lolote watachomoa la katikati. Wape gone ikiwa imeshikana na have tangu siku ya kwanza, kama neno moja: haven't gone, hasn't seen, haven't written. Matatu kwa siku, siyo zaidi. Na hayo madaftari ishirini na mbili usiyasahihishe kwa kalamu. Warudishie, wasome kwa sauti kila mmoja na jirani yake, halafu niambie wangapi wamejishtukia wenyewe.